Kumwombea Kijana wa Shangazi

Shuka la hospitali ni kubwa, zito, na hata ulifue vipi linabaki na harufu ya dawa. Halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe mbili, mwenzako anashika mbili, mnalivuta hadi linyooke, kisha mnatembea kuelekeana mpaka vidole vyenu vikutane. Ukipangiwa mwenzako mbaya, mtakuwa mmeshagombana kabla ya chai ya asubuhi. Mimi mwenzangu alikuwa Shangazi, na kwa hilo nilikuwa namshukuru Mungu.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale kwenye kiwanda chetu cha kufulia. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuwa mkubwa kwetu sote, na kwa sababu kila asubuhi alipita mezani kwa kila mtu, hata kwa msimamizi, akiuliza neno moja tu: "Umekula?" Hakusalimu kwanza. Ukisema hujala, anatoa kipande cha mkate kwenye mfuko wa aproni, kimebonyea, na anasimama mbele yako mpaka umeze. Mimi waliniita Pasi. Ni kweli napiga pasi, lakini jina halikutoka huko. Mdomo wangu unachoma, najijua.

Saa saba mchana, mashine zikizimwa, tuliokuwa tunasali tulijifungia chumba cha mashuka safi. Tulikuwa na utaratibu wetu. Tunakaa wawili wawili, na hujiombei. Unamwombea mwenzako mzigo wake, naye anakuombea wako. Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Ya pili: hakuna kutaja majina. Hii ilikuja baada ya mwenzetu mmoja kuiombea kwa sauti ndoa ya msimamizi, majina yote mawili na la yule mwanamke wa nje, na kufikia jioni hata madereva walikuwa wanajua nani kahama nyumba. Loo, siku hiyo kazi zetu nusura ziote mbawa! Tangu hapo tukasema Mungu ana majina yote, sisi tutaje mzigo tu.

Mzigo wa Shangazi ulikuwa mmoja, siku zote. "Kijana wangu. Kijana wangu arudi nyumbani." Sikumwuliza alikwenda wapi. Kichwani mwangu nilijitengenezea dereva wa malori, mtu wa barabarani, mlevi kidogo, asiyemkumbuka mama. Nikampenda bila kumjua. Nilimwombea afya. Nilimwombea barabara nzuri. Nilimwombea mke, jamani, mke mwenye akili!

Siku moja Shangazi aliingia chumbani mikono inamtetemeka. "Mwanangu," aliniambia, "leo yuko pabaya. Leo hii, saa hii." Basi nikapiga magoti kwenye sakafu, nikamshika mikono, nikaomba mpaka jasho likanitoka. Nilisema, Bwana, mfunike. Wanaomtafuta wasimwone. Kilichorushwa kimpite pembeni. Sijui neno hilo lilitoka wapi, la kurushwa. Lilinijia tu mdomoni. Shangazi akalia sana, nami nikajiona mwombaji hodari.

Jioni nilipofika nyumbani, mume wangu alikuwa anasikiliza redio, kichwa amekishika. Askari walikuwa wameizingira nyumba moja mchana ule, wamepiga risasi za kutosha, na Mjomba akawatoka. Katokea dirisha la nyuma, bila mkwaruzo.

Mjomba ndiye aliyekuwa anatutesa. Wengi wetu hatukuwahi kumwona uso, lakini hakuna asiyemjua. Watu wake walipita kwenye maduka kukusanya walichokiita ada ya ulinzi, na aliyekataa, duka lake liliungua. Watu walikuwa wamefia humo. Tulimwita Mjomba kwa sababu ndivyo alivyotaka aitwe.

"Kwa hiyo Mungu alikuwa amelala?" nilimfokea mume wangu, kana kwamba yeye ndiye aliyempa Mungu kitanda. "Saa saba mchana, jua kali, amelala?"

"Usiniulize mimi," alisema. "Wewe ndiye unayeongea naye kila siku."

Wiki chache baadaye wakamchukua mdogo wangu.

Ni wa mwisho kwa mama yetu, fundi simu. Tangu utotoni tunamwita Waya, kwa wembamba wake na kwa tabia ya kufungua redio za watu. Alikuwa anafungua kibanda chake alfajiri alipowaona watu wa Mjomba wakimwaga petroli duka la jirani, na mlinzi akiwa amelala ndani. Mlinzi hakutoka. Waya akakubali kwenda kusema mahakamani alichokiona. Nilimwambia asikubali. Nilimwambia yule mlinzi hatafufuka. Alinitazama akasema, "Dada, alikuwa ananipa maji ya kunawa." Ndiyo sababu yake yote hiyo. Siku nne kabla ya kesi akatoka kwenda kununua risasi ya kulehemu, akaacha feni ya kibandani inazunguka.

Mimi si mtu wa kulia kimyakimya. Asubuhi iliyofuata nilifika getini kazini napiga kelele, namtaja Mjomba, namtaja mama aliyemzaa, nalaani mpaka walinzi wakaniomba nitulie. Shangazi alikuwa amesimama hapo na mkate wake mkononi. Hakuniuliza kama nimekula. Nilidhani ni huruma.

Kuanzia siku hiyo mzigo wangu ukawa Waya, naye Shangazi akaubeba. Alimwombea hadi sauti inakatika. "Bwana, mfungulie kijana huyo mlango. Mlegeze anayemshika." Alilia kuliko mimi. Wenzetu walisema, tazama upendo huo. Nami kwa upande wangu niliendelea na dereva wangu wa malori, kwa sababu kanuni ni kanuni, ingawa moyo ulikuwa umeanza kunikauka.

Maana nilikuwa nachoka. Shahidi wa pili alibadilisha maneno. Afisa aliyeandika maelezo ya Waya akahamishwa, na aliyekuja badala yake aliniuliza kama nina hakika mdogo wangu hana deni la mapenzi mahali. Mwenye nyumba wetu alitubembeleza tuhame, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaogopa tu. Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila nilipoomba, mambo yaliharibika zaidi, mpaka nikaanza kujiuliza kama kuna mtu huko juu anapokea maombi yetu na kuyafanyia kinyume kwa makusudi. Mume wangu akaniambia nipumzike kusali kidogo, kama vile kusali ni kunyanyua magunia. Nikamwambia nikiacha, nani atabaki upande wa Waya? Ila nilisema kwa ukaidi. Imani ilikuwa imebaki kidogo sana.

Halafu ikaja ile simu. Nilikuwa kituo cha basi natoka polisi. Mwanaume alicheka kwanza, taratibu, kama mtu mwenye nafasi. Kisha akasema, "Umekula, dada?"

"Nani mwenzangu?"

"Kula, ulale. Usiwasumbue askari bure." Akakata.

Nilikuwa nimetoka kwa askari dakika ileile. Nikakaa chini pale kituoni na gauni la kazi. Sauti ile niliisikia kwa siku nyingi baadaye. Niliisikia kwenye mvuke wa pasi.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa karibu na saa saba. Shangazi alikuwa kwenye beseni anatoa madoa, mikono imezama mpaka viwiko, simu yake ikalia ndani ya aproni.

"Nipokelee, mwanangu," alisema. "Mwambie nina sabuni."

Nikaitoa. Kwenye kioo kulikuwa na neno moja: Kijana. Nikafurahi, haki ya Mungu! Nikasema moyoni, leo namsikia dereva wangu. Nikaiweka sikioni.

Alicheka kwanza, taratibu.

"Umekula, mama?"

Nikaibana simu sikioni. "Mama? Uko kazini? Mama?" Nikaiachia simu ikaangukia kwenye kapu la mashuka. Ikaendelea kuita "mama" kutoka ndani ya nguo mpaka ikakatika.

Shangazi alikuwa ananitazama. Mikono yake ilikuwa bado majini.

Nikamshika mkono ukiwa na mapovu hivyohivyo, nikamburuta hadi chumba cha mashuka safi, kwenye kona ya nyuma. Wenzetu walikuwa wameanza kuingia wawili wawili. Waliona tumetangulia, wakatuacha.

"Ni yeye?" niliuliza.

Hakuuliza yeye nani. "Ni yeye."

"Mjomba ni mtoto wako."

"Nilimzaa. Nilimbatiza. Nilimpeleka shule na viatu. Baada ya hapo sijui kilichotokea."

"Umejua tangu lini kwamba yeye ndiye aliyemchukua ndugu yangu?"

"Tangu asubuhi ile ya getini."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Alaa! Kila siku saa saba unafumba macho unamwomba Mungu amfungulie Waya mlango, na mwenye mlango unaye humo ndani ya aproni! Unampigia Mungu kelele, na namba ya mwanao unayo! Wewe mama, una moyo wa namna gani?"

Nilisema mengine ambayo siyarudii. Alisimama akayapokea yote, maji yanamdondoka vidoleni. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema, "Namwogopa. Mwanangu mwenyewe, namwogopa. Kila siku najipa moyo kwamba leo nitamwuliza. Simu ikilia, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula. Yanaishia hapo."

"Ungeniambia mimi basi, nimwulize!"

"Ungeacha."

"Ningeacha nini?"

"Kumwombea." Sasa sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Mji mzima unamwomba Mungu amuue. Makanisa yote. Hata mimi, kuna siku nimemwomba Mungu amchukue ili nipumzike. Kila mtu anayemtaja mbele za Mungu anamtaja kwa kisasi. Wewe peke yako, duniani kote, ulikuwa unamwombea bila kinyongo."

"Kwa sababu sikumjua!"

"Ndiyo," alisema. "Kwa sababu hukumjua."

Hapo ndipo ile siku ya risasi iliponirudia. Mikono inayotetemeka, leo hii, saa hii. Wanaomtafuta wasimwone. Kilichorushwa kimpite pembeni. Ni mimi niliyeomba. Askari walikuwa kwenye mlango wa mbele, mimi nilikuwa sakafuni hapahapa nimeshika mikono ya mama yake, na akatoka dirisha la nyuma bila mkwaruzo. Angekufa siku ile, Waya angekuwa kibandani kwake anafungua simu za watu.

Kwa hiyo Mungu hakuwa amelala. Alinisikia. Mara moja tu katika maisha yangu Mungu alinisikia mimi neno kwa neno, na ndiyo hiyo. Sasa mtu afanye nini na jambo kama hili? Amshukuru? Amshitaki? Je, hakujua anaombewa nani? Alijua. Yeye ana majina yote, tulisema wenyewe. Mahubiri ya kuwaombea adui nimeyasikia tangu shule ya Jumapili, nayapenda hata, lakini nilidhani mtu hupewa nafasi ya kuchagua, na adui mwenyewe awe wa mbali kidogo. Au labda hakusikia chochote. Labda dirisha lilikuwa wazi tu na askari hawakulitazama. Nilitaka iwe hivyo. Halafu nikaona kwamba ikiwa hivyo, basi na Shangazi amekuwa akimwombea Waya hewani tu, na hilo sikulitaka kabisa.

"Nakwenda polisi," nilisema.

"Nenda. Siwezi kukuzuia." Alijifuta mikono kwenye aproni. "Lakini utakachosema hapo kitamfikia kabla hujafika nyumbani, unalijua hilo kuliko mimi. Na kama askari wazuri watamfikia kwanza, watampiga risasi. Akifa, nani anajua alikomweka Waya?"

Upande wa pili wa rafu wenzetu walikuwa wameshaanza, wanaombeana kwa sauti ya chini, mtu na mwenzake, ule mnong'ono tuliouzoea. Mmoja alikuwa anamwombea mwenzake mguu unaovimba.

Na simu ikalia tena, kutoka nje, ndani ya kapu.

Shangazi ndiye aliyekwenda. Nilimwona akipekua mashuka kama mtu anayetafuta mtoto majini. Alirudi nayo inaendelea kulia, akaniangalia, akaifungulia sauti ili nami nisikie. Kidole chake kilikuwa kimekunjamana kwa sabuni.

"Mama! Mbona ulinyamaza? Umenitisha." Ni sauti ileile. Hakucheka safari hii. "Umekula?"

"Nimekula," alisema Shangazi.

"Haya. Vizuri."

Nilijua inakatika. Ndivyo ilivyokuwa ikikatika siku zote. Nikamwona amefumba macho, midomo inacheza, nikajua anasali, hapo hapo, simu mkononi.

"Na yule kijana," alisema. "Yule fundi simu. Yeye amekula?"

Kwa mbali, upande wa pili, pikipiki ilipita.

"Kijana gani, mama?"

"Unamjua. Ni mwembamba. Ana dada yake anamlilia." Alivuta pumzi. "Mimi sikuulizi kitu kingine, baba. Sikuulizi uko wapi. Nakuuliza kama amekula."

Nikajiuma kidole ili nisipige kelele. Kisha yule mtu, ambaye mji mzima unafunga milango kwa ajili yake, akajibu kwa sauti ya mtoto aliyekamatwa.

"Alikunywa chai asubuhi."

Akakata.

Shangazi aliketi juu ya marobota ya mashuka. Mimi nilikaa sakafuni, sikukumbuka nimekaa saa ngapi. Yuko hai! Nililia, nikacheka, nikamshika magoti yule mama niliyekuwa nimetoka kumtukana. Yuko hai, amekunywa chai!

Kisha nikalirudia lile neno, chai.

Waya hanywi chai. Hajawahi. Tangu mdogo chai ilimtapisha, na mama alikuwa akimchemshia maji matupu. Kwa hiyo ni uongo, yule mtu amesema chochote ili mama yake aridhike. Au ni kweli, na mdogo wangu amefika mahali ambapo mtu anakunywa chochote anachopewa. Niligeuza huku na huku. Nilimwambia Shangazi. Naye akageuza. Simu yake tulipoipiga haikupatikana.

"Saa yetu inakwisha," alisema baadaye. "Nani anaanza?"

Nilimtazama nikadhani ana wazimu. Lakini alikuwa ameshanyoosha mikono, viganja juu, vimenyauka kwa maji. Ningeweza kusimama nikaondoka. Mlango ulikuwa wazi. Nilifikiria kuomba afe. Nilifikiria kuomba asife mpaka aseme, halafu afe. Hiyo ilinifaa zaidi, na niliamini hata Mungu angenielewa. Ila niliposhika ile mikono, nilishindwa kuimaliza sentensi.

"Anaitwa nani?" niliuliza. "Jina la ubatizo."

Akaniambia. Ni jina la kawaida kabisa, la mtu yeyote. Kuna mtoto wa jirani yangu analo.

Nikalitaja. Nikavunja kanuni, kwa sauti, wenzetu wakanyamaza upande ule wa rafu. Nilisema, Bwana, usimwache apigwe risasi. Asife. Mfanye awe na njaa, na apate chakula, na akumbuke kuna mwingine. Mlegeze mkono. Mrudishe kwa mama yake. Nilisema yote hayo meno yamebana, chuki imenijaa mpaka kooni, na sijui kama hiyo inahesabiwa kuwa sala au ni woga tu wa dada mtu. Nilisema amina kwa sababu sikuwa na neno jingine.

Kisha Shangazi akamwombea Waya. Naye alimtaja kwa jina lake, alilobatizwa nalo, ambalo sikumbuki kumwambia.

Kengele ikalia, mashine zikawashwa. Tulirudi mezani. Shuka la kwanza lilikuwa limeshaanza kupoa, akashika pembe zake, nikashika zangu, tukavuta. Tulitembea kuelekeana mpaka vidole vikakutana, na hakuachia upande wake.

"Umekula?" aliniuliza.

Nikamwambia bado.